Mzigo Uliokuja Umeshonwa

Mwanangu,

Nimeanza kwa jina la Mungu, na jina lako siliandiki. Unajijua. Langu nalo naliacha kwanza. Barua hii ukishaisoma itie motoni kwenye mafiga, iache iwe majivu, kisha uyavuruge majivu kwa kijiti. Najua unacheka. Cheka, lakini vuruga.

Umetoka tangu tulipomaliza chakula cha mchana, kwenda kuaga. Nimekuona ukiinama kupita mlangoni na ile kanzu niliyokupigia pasi, nikajua hurudi kabla ya isha, maana kila nyumba ya mkubwa utakayoingia kuomba radhi watakukalisha, watakusomea dua, watakushindilia keki. Dada yako nimemtuma kwa shangazi yake kwa kazi isiyokuwapo. Ninao muda tangu alasiri hii mpaka magharibi. Nimekaa mlango wa uani penye mwanga, daftari lako la zamani la shule liko pajani, na kando yangu kuna kitu ambacho nitakueleza, ila si sasa. Nikikueleza sasa utayaruka yaliyobaki.

Utasema, kwa nini Mama hasemi kwa mdomo? Kwa sababu mji wetu huu wa Mutsamudu unaujua. Dirisha letu na dirisha la jirani, mtu akinyoosha mkono huku anamshika aliye kule. Nikikohoa usiku, asubuhi naulizwa kama nimepata dawa. Na Kiswahili nimekiandika kwa sababu sina kingine. Kishindzuani chetu hakuna aliyenifundisha kukiweka kwenye karatasi, Kifaransa changu ni bonzhuri na mersi, na shule yangu yote ni ile miaka mitatu ya Unguja kabla baba yangu hajaturudisha huku. Nilikusemesha Kiswahili tangu unanyonya, watu wakasema namchanganya mtoto. Leo naona nilifanya vizuri. Wanaoweza kukisoma katika mtaa huu hawafiki watano, na wawili kati yao hawaoni tena.

Mambo ya kula, kulala na kufunika kifua sikuandikii. Umeshaniambia mara ngapi sijui kwamba una miaka ishirini na miwili. Wiki nzima nimekutazama ukitandaza vitu vyako uani juu ya mkeka: spana zimepangwa kwa urefu kama watoto wa chuoni, tyubu mbili za akiba, viraka na gundi, pampu, plagi tatu umezifunga kwenye soksi, waya wa klachi umeuviringa ndani ya sufuria ili sufuria isikae bure. Ukasema kila kitu kinachopanda pikipiki lazima kiwe na kazi mbili. Nikaleta achari ya ndimu, chupa kubwa. Ukauliza, "Na hii kazi yake ya pili ni ipi?" Nikasema, "Kunikumbuka." Ukaitoa. Nikairudisha, ukaitoa. Jana nimeitia kwenye chupa ndogo ya dawa nikaisukuma ndani ya soksi ya plagi. Ukikuta plagi zina harufu, ndiyo hiyo.

Na mifuko ile miwili ya pembeni tuliishona pamoja, wewe upande huu, mimi upande ule, kwa turubai ulilopewa bandarini na ule uzi wa nta wa fundi viatu. Uzi mgumu, umenikata kidole mpaka leo. Nilifurahi siku ile kuliko nilivyokuonyesha. Tangu uko mdogo sijakaa nawe kushona kitu. Na mkono wako haujabadilika. Mtu wa mkono wa kushoto mishono yake hulalia kushoto, kama watu waliosukumwa na upepo mmoja. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Nataka nikuambie nilichohisi uliponieleza kwa nini unakwenda. Sikujibu vizuri. Ulisema kwenye visiwa hivi barabara zote huzunguka, ukienda sana unarudi pale ulipoanza. Moroni ni hivyo, huku ni hivyo. Ukataka kabla hujaoa upande angalau mara moja barabara isiyorudi. Dar, Dodoma, Tabora, mpaka Kigoma kwenye ziwa, na ukipata njia uvuke mpaka Burundi. Peke yako. Mimi nikasema, "Isiyorudi?" nikaenda jikoni. Ukafikiri nimekasirika. Nilikwenda kushika kitu cha moto ili nipate sababu ya macho kulowa.

Nyumba hii ni ya dada yako, mila yetu ndiyo hiyo. Mtoto wa kiume tunamlea tukijua ataondoka kwenda nyumba ya mkewe. Mimi nilijitayarisha tangu ulipozaliwa. Ila nilijitayarisha uondoke kwenda mtaa wa tatu, karibu na msikiti wa Ijumaa, ambako ningeweza kupita kila siku nikijifanya natafuta kuku.

Haya. Sasa yale ambayo huyajui.

Kazi yangu unaijua, umekua ukiiona. Mtu akisafiri, akienda Moroni au Dar au Ufaransa, habari inatembea, na kila nyumba yenye ndugu kule alikokwenda inaleta amana yake. Msafiri hakatai amana. Akikataa, hata mama yake atasemwa. Na amana haiendi wazi; inafungwa kwenye kitambaa cha marekani na kushonwa pande zote, na mshonaji wa mtaa ni mimi, kama alivyokuwa mama yangu. Mwenye mzigo anafungasha mwenyewe nami nimegeuza uso, ananipa, nashona. Siulizi. Mshonaji akiuliza kilichomo ni sawasawa na kumwita mwenzake mwizi.

Lakini mikono si mijinga. Sindano ikipita nasikia. Karafuu zinasagana kama changarawe, vanila inajikunja, kahawa inateleza, nguo ya mtoto haina sauti.

Mwaka ule wale wazungu wenye bunduki waliposhuka kutoka baharini wakamwondoa mkubwa aliyekuwapo na kumweka mwingine, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Unakumbuka tulivyokuwa tukisema kwa sauti ya chini hata tukitaja bei ya ndizi. Miezi michache baadaye, mjomba wako alikuwa anakwenda Moroni kwa shughuli zake, na amana zikaja. Kati ya waliokuja alikuwa mtu mmoja mpole, msomi, simtaji. Akaniletea mzigo wa kwenda kwa mama yake. Nikaanza kushona. Karatasi. Si barua moja wala mbili, rundo zima limekunjwa, linalia kila ninapobana. Nikainua macho. Yeye anatazama ndara zake. Akasema, "Mama anapenda sana khanga." Wala sikuwa nimemwuliza neno.

Mwanangu, nilijua. Sikujua ni karatasi za nini, lakini nilijua mtu anayetuma khanga hanielezi kwamba ametuma khanga. Nikafikiri: nikisema, nitakuwa mshonaji aliyeuliza. Nitasemwa mpaka kwenye mazishi yangu. Nikamaliza, nikakata uzi kwa meno.

Jioni mjomba wako akaja kuchukua. Akaupima mkononi. "Mwepesi huu. Una nini?"

Nikamwambia, "Khanga."

Hilo sijawahi kulisema kwa mtu. Watu wote mnajua mjomba alikamatwa bandarini Moroni na alikaa ndani miezi kumi na mmoja kwa ajili ya karatasi za kuwasema wakubwa. Mnajua walichana mzigo mbele yake. Hamjui kwamba alikuwa na dada ambaye angeweza kumwambia usipande nao chomboni, na dada huyo akamwambia khanga, kwa adabu.

Walimwuliza, "Nani ameshona?" Akasema hajui, amepewa gatini na mtu asiyemjua. Wakamwuliza siku nyingi. Akaendelea kutojua.

Alipotoka akakaa huku mwezi mzima. Halafu siku moja tunachambua mchele, akasema, "Mshono wako mgumu, dada. Kisu kiliwapiga chenga mara mbili." Akacheka. Basi. Alikuwa ananifungulia mlango, mwanangu, nami nikauona mlango uko wazi, nikaendelea kuchambua mchele. Mungu amrehemu. Amekwenda bila kusikia kutoka kwangu.

Sasa utaona ni kwa nini nashuku. Mnanicheka wewe na dada yako, mnasema Mama anashuku hata kivuli cha paka. Kushuku kwangu kulianza pale, na kulianza vibaya.

Miezi miwili baada ya kukamatwa kwake nilipanda chombo kwenda Moroni kumtafuta. Nilitapika tangu huku mpaka kule. Langoni mwa gereza nikamkuta mzungu mwenye ndevu amekaa kwenye kiti, miguu juu ya kiti kingine, na kijana wetu wa Kingazidja amesimama kando akimtafsiria. Nilisema nilichokuja nacho. Yule kijana hata hakumtafsiria mwenzake. Akaniambia kwa upole, "Rudi kwenu, mama. Jina lako usimwachie." Nikarudi. Sikwenda tena. Hilo nalo unalipata leo.

Nikiwa nimekaa hapa bila la kufanya, nikaanza kutafuta aliyesema. Lazima kuna aliyesema, maana walimngoja yeye tu kati ya abiria wote. Nikapanga watu kichwani kama ulivyopanga spana. Nikafika kwa Echati. Jina hili naliandika kwa sababu Mutsamudu kina Echati ni wengi kuliko paka. Yule rafiki yangu mwenye sauti. Siku ya yule msomi, Echati alikuwa ameketi barazani, akaniuliza, "Mgeni wako alitaka nini?" Swali tu. Mimi nikalichukua nikalilea. Nikakumbuka dada yake ameolewa Grande Comore, yuko Mvouni, juu ya Moroni. Nikasema ndipo habari ilipopitia.

Miaka miwili sikumsalimia. Na unajua upana wa vichochoro vyetu. Ukikutana na mtu na hutaki kumsalimia huna budi kugeuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nimefanya hivyo, mtu mzima, na nguo yangu ya shiromani kichwani, pua kwenye chokaa.

Halafu wewe ukapata nafasi ya kujifunza gereji Moroni. Ukawa unatafutiwa pa kulala. Mjomba wako akasema, "Apelekwe Mvouni, kwa yule mama aliyenilisha."

"Mama gani?"

"Dada yake Echati. Kila Ijumaa alishuka na chungu mpaka lile lango. Miezi yote. Echati hakukuambia?"

Asingeniambia, nilikuwa natazama ukuta. Ni Echati aliyempelekea dada yake habari, ndiyo, habari kwamba kaka wa rafiki yake yuko ndani na hana mtu. Ule wali na samaki uliokula wewe miaka mitatu kule Mvouni ulitoka kwenye chungu hichohicho.

Nilikwenda kwake kuomba radhi. Nimejiandaa maneno, nimevaa, nimebeba sahani ya mkate wa sinia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Loo. Miaka miwili nilidhani jino linakuuma." Na kila nikikohoa mbele za watu mpaka leo huniuliza, "Jino?" Ndiyo maana. Ulikuwa unauliza, ndiyo maana.

Ungetaka nikupe funzo hapa. Sinalo. Nimelitafuta. Nikisema usiamini watu, namwona Echati. Nikisema amini, namwona kaka yangu anaupima mzigo mkononi. Ninachokijua ni kidogo tu, kwamba nyakati zote hizo nilichokijua au nilichokidhania nilikaa nacho peke yangu, na aliyehusika hakukisikia kwangu. Wala si kwa uoga peke yake. Nilijiona nina adabu.

Sasa kilicho kando yangu.

Jana asubuhi ulikuwa gatini na pikipiki. Mkwe wa Koko akaja. Koko, bibi yetu wa nyumba ya ngazi, ambaye amana zake zote nimezishona mimi, na kabla yangu mama yangu. Mkwe huyu wa Koko unamjua, ndiye anayekaa ofisi ya bandari. Ndiye aliyekupatia karatasi ya kuitoa pikipiki kwa siku mbili, wakati mtoto wa mwalimu alingoja ya baiskeli mpaka ikaota kutu. Nilikuuliza kwa nini mwepesi hivyo. Ukasema, "Mama, watu wengine ni wema tu." Tangu umeinunua pikipiki ile nimeitazama kwa jicho moja. Mzungu anayeondoka Moroni kwa haraka anauza pikipiki yake kwa fundi kijana, na kabla hujaifikisha huku kila mtu wa bandari anajua unakwenda wapi na lini. Umeifungua yote vipande vipande mbele yangu ili unionyeshe hakuna kitu ndani. Nikaamini chuma. Watu sijaamini.

Basi huyo bwana akanipa mzigo. "Amana ya Koko, kwa mjukuu wake Dar, amejifungua." Mzigo umeshonwa tayari.

Mwanangu, umeshonwa tayari. Miaka yote hii hakuna mzigo wa nyumba ile uliotoka bila mkono wangu. Nikasema, "Na mimi nimefanya kosa gani?" Akacheka. "Tumekuonea huruma, una shughuli za msafiri." Akaondoka hata maji hakunywa.

Nikauweka kwenye kapu na nyingine. Nikapika. Nikarudi nikautazama. Marekani ni ileile, lakini uzi ni wa nta. Uzi wa mifuko yako. Hapo sikufichi nilichofikiri. Nikasema mwanangu anajua. Ameshona yeye, wamepatana, mimi ndiye nisiyejua katika nyumba hii, safari yote ya barabara isiyorudi ni hadithi. Nilikaa na hilo mpaka adhuhuri ya leo, nikakutilia mchuzi na hilo, ukala, ukanisifu mchuzi. Nisamehe. Baada ya kula nikauleta mlangoni penye mwanga nikautazama mshono wenyewe. Unalalia kulia. Yote, upande hadi upande. Si wako. Uzi huo fundi viatu humuuzia yeyote mwenye mguu. Nililia kwa furaha juu ya mzigo wa watu.

Kisha, ulipotoka kuaga, nikaufumua.

Nimeandika neno hilo, sasa liko kwenye karatasi. Mshonaji wa amana amefumua amana. Ndani mna vinguo vya mtoto, vanila imefungwa kwenye kitambaa, karafuu, kachupa ka mafuta ya langilangi. Vitu vya Koko kabisa, nimevijua kwa harufu. Na katikati, ndani ya kigauni, bahasha. Nene. Imefungwa kwa gundi, haina jina juu. Bahasha sikuifungua. Hata ningeifungua, kama ni Kifaransa ningeitazama tu kama kuku anavyotazama Msahafu.

Nikavaa nikaenda kwa Koko. Amelala, hali si nzuri, lakini akili iko palepale. Akasema, "Mzigo wangu umefika?"

"Umefika, Koko. Nani alikushonea?"

"Mkwe. Alisema macho yako yamechoka, nisikusumbue."

Huyo bwana kwangu alisema nina shughuli, kwake akasema macho. Nikakaa. Nikautafuta ujasiri kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Nikamwuliza, "Koko, umeweka nini ndani?"

Akageuza kichwa akanitazama. "Binti, mama yako amenishonea mpaka kufa kwake, na wewe mpaka leo. Ndiyo mara ya kwanza naulizwa."

"Najua, Koko."

"Vinguo," akasema. "Vanila. Karafuu kidogo. Mafuta ya mama wa mtoto." Akahesabu kwa vidole vinne, akavikunja. Kidole cha tano hakukigusa.

Labda hakujua. Labda mkwe aliitia. Labda anajua vizuri na ni barua ya mambo ya nyumba yao, maana wana mambo kama watu wote, na mimi mwanamke mwenye historia ya kutazama ukuta nimefumua siri ya bibi mgonjwa. Labda ni salamu. Labda mkwe huyo anafanya kazi na wale wazungu, na bahasha ni kwa ajili ya mtu wao wa Dar, na wewe ndiye miguu yao. Labda kinyume chake, anafanya kazi dhidi yao, na kesho alfajiri gatini watakuwa wanakungoja wewe tu kati ya abiria wote. Nimekaa hapa nazigeuza. Sijui, mwanangu. Safari hii nasema sijui, na nakuambia wewe mwenyewe, kabla hujapanda.

Nilitaka kuichoma. Moto uko hapohapo, nilishanyoosha mkono. Kisha nikaona nitakuwa nimefanya lilelile, nimeamua juu ya safari ya mtu bila yeye kujua, na ningekuambia, "Vinguo," ukaondoka.

Kwa hiyo nimeiacha. Mzigo nauweka chini ya mto wako pamoja na barua hii, uko wazi upande mmoja. Sindano nimeichomeka kwenye marekani, na uzi wangu mweupe umeshatungwa. Kifaransa unakisoma wewe. Bahasha ukitaka kuifungua, fungua, dhambi iwe yangu, mimi ndiye niliyeanza kufumua. Ukitaka kumwuliza mkwe wa Koko uso kwa uso kabla ya kupanda meli, mwulize, na mtazame ndara zake.

Ukiamua isiende, bahasha iache chini ya msala wangu, vinguo uende navyo, mtoto mchanga hana kosa. Kesho asubuhi meli ikishatoka nitamrudishia mwenyewe, barazani, mbele za watu, na nitasema ni mimi niliyefumua. Najua maana yake. Hakuna atakayeniletea tena mzigo kushona. Kapu langu na sindano zangu nitampa mtu. Nimelifikiria hilo tangu nitoke kwa Koko, na ajabu, haliniumi kama lile neno khanga.

Ukiamua iende, iende. Utakuwa umejua unachobeba. Lakini mzigo usinipe mimi niumalizie. Ushone mwenyewe, kwa mkono wako wa kushoto, polepole, taa ukiivuta karibu. Bandarini, huku au kule, mtu akichana mzigo akakuuliza nani ameshona, usilazimike kusema hujui. Na kama jibu litakuwa zito kulibeba peke yako, basi wape na jina langu. Nilianza barua bila kuliandika. Lisome kwanza, ndipo uchome.

Nasikia Echati anakusimamisha pale kona, anakuuliza pikipiki inapanda watu wangapi. Utachelewa kidogo. Chai iko kwenye chupa. Mimi nitakuwa chumba cha pili, nitajifanya nimelala, nisije nikausoma uso wako kabla hujamaliza kusoma.

Nakuombea barabara, na nakuombea irudi.

Mama yako,
Moinaecha binti Athumani,
mshonaji wa amana, Mutsamudu.